Tupeane uzoefu: sakafu ya epoksi na kwatsi kwenye gereji, wa Kigoma na Tabora tukutane hapa

Mwisho wa Reli (Kigoma, Mwanga)

Wakuu, habari za jioni. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia.

Nina gereji hapa Mwanga, mita 6 kwa 8, bodaboda na magari madogo. Jengo nililikuta, kabla yangu lilikuwa stoo ya mawese. Sakafu ilipigwa niru, laini kama sahani, ila oili ikimwagika inakunywa. Mwaka juzi niliona picha za gereji zenye sakafu inayong'aa, nikaagiza epoksi Dar, ile rangi ngumu ya sakafu inayochanganywa kutoka makopo mawili, ikaja na basi. Fundi wa rangi akafagia, akaosha kwa sabuni ya unga, kesho yake akapiga koti mbili kwa rola. Ilikuwa Februari na mvua haijakata wiki nzima.

Siku za mwanzo wateja walikuwa wanavua viatu mlangoni, sitanii. Wiki ya tatu ikaingia Noah kutoka Kasulu, tairi bado za moto, ikalala ndani. Asubuhi tunaisukuma nje, tukasikia mlio kama mtu anabandua plasta kwenye kidonda. Rangi imeondoka na tairi, zote nne, na sakafuni yamebaki madoa manne. Nikaokota kipande kama kiganja hivi. Juu kinang'aa, hakina hata mkwaruzo. Nikakigeuza: tumbo lote limejaa unga wa niru, kama chapati ambayo haijaingia kikaangoni. Nikakinusa. Mawese.

Yaani ile rangi haikuwahi kuishika sakafu hata siku moja, ilikuwa imejilaza tu.

Sasa nataka kurudia, safari hii na kwatsi juu, zile chembe za mawe za kukwaruza, maana vijana wangu wanateleza. Aliyewahi kufanya aje na yaliyompata mwenyewe, ya kusikia nimeshasikia mengi.

Jamvi Kavu (Tabora, Isevya)

Pole mkuu. Hii ndiyo kazi inayonilisha, na makosa yako yote nimeshayafanya, mengine kwa hela ya mteja.

Kwanza niru. Mwashi anasifiwa kwa ulaini, lakini epoksi inataka sakafu inayokwaruza kiganja kama msasa. Niru ni ngozi nyembamba ya saruji tupu. Rangi inaishika vizuri, tatizo yenyewe inaachana na zege. Dawa yake ni grenda yenye kikombe cha almasi, unakwangua hadi uone chembe za mchanga wa zege lenyewe. Watu wanapenda njia ya mkato ya asidi. Asidi inafanya kazi kwenye zege safi. Penye mafuta inapita juu tu, halafu usipoisuuza sawasawa inakuachia chumvi chini ya rangi.

Mawese yatakusumbua. Kabla ya grenda, sabuni kali ya grisi, maji ya moto, brashi ngumu, unakausha, unarudia. Ukianza na grenda unayasambaza. Kipimo changu hakina gharama: dondosha maji. Yakinywewa, endelea. Yakisimama matone kama kwenye jani la gimbi, mafuta bado yapo. Sehemu iliyolowa sana mimi huwa nachimba na kumwaga zege jipya, na zege jipya lisubiri siku 28.

Swali: ulitumia lita ngapi, na ilikuwa ya kuchanganya na maji?

Mwisho wa Reli

Lita 8 zote. Ndiyo, ilikuwa ya maji.

Jamvi Kavu

Hesabu ya fundi: lita moja ikitandazwa mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Lita 8 kwa mita 48 ni kama milimita 0.17. Sasa nusu yake ikiwa ni maji ya kukauka na kupotea, unabaki na 0.08. Hiyo ni karatasi ya daftari mkuu, na wewe umeiwekea Noah. Epoksi isiyo na maji wala tina, unachomwaga ndicho kinachobaki. Lita 12 kwa eneo lako zinakupa robo milimita, na ukiweka kwatsi katikati ya koti unene unaongezeka zaidi.

Kanyaga Twende (Uvinza)

Mimi gereji yangu ipo chini ya mwembe. Oili ikimwagika namwagia vumbi la mbao, nafagia. Mwaka wa kumi na moja huu. Naomba kuwasilisha.

Mama Mashua (Kigoma, Kibirizi)

Wanangu, mimi si fundi, ila karakana ya injini za boti aliyoacha mzee ndiyo naisimamia. Pale sakafu hailali kavu. Injini inatoka ziwani inachuruzika, petroli kidogo, oili kidogo, na kijana kabeba kitu kizito begani. Mmoja aliteleza akavunja kifundo cha mkono, ndiyo nikasema hapana.

Tuliambiwa juu ya epoksi mbichi unarusha kwatsi. Nikauliza bei, nikaguna. Kwatsi si mchanga? Na mchanga si huu hapa nje? Tukachekecha wa ziwani, tukauanika siku moja, tukarusha. Usiku ukapoa. Asubuhi sakafu ina mabaka meupe kama ukoko wa wali, na ukipitisha kidole, chembe zinang'oka. Mchanga ulionekana mkavu juu, ndani una unyevu, tena umejaa vumbi na vipande vya makombe ya konokono, ambavyo vinapondeka ukikanyaga.

Tulikwangua kote. Mara ya pili nikanunua kwatsi yenyewe, iliyooshwa na kukaushwa kwenye tanuru, chembe za saizi moja. Fundi akamwaga epoksi, akaisambaza, halafu akaanza kurusha kwatsi juu juu kama mtu anayelisha kuku, mpaka pale sakafu ilipokataa, yaani haionyeshi tena umajimaji popote. Nilidhani anachezea mali. Kesho yake akafagia iliyozidi, ndoo tatu, nikaiweka. Akakwangua ncha kwa mwiko wa chuma, akamwaga koti ya juu.

Ila hapo kuna ujanja na mimi sikuujua. Nilimbana fundi apunguze koti ya juu ili makopo yatoshe. Sasa haitelezi kweli, lakini dekio linachanika kila wiki, na kijana akipiga goti kufunga propela anainuka na damu. Mwaka huu tumeongeza koti moja, imetulia.

Mwisho wa Reli

Shikamoo mama. Nilikuwa nishaanza kuutazama huo mchanga wa ziwani, umeniokoa.

Cheche (Tabora, Cheyo)

Mimi nachomelea mageti. Nilipiga epoksi karakana nzima, najuta nusu. Upande wa kupimia na kupaka rangi uko vizuri mpaka leo. Upande wa kuchomelea, kila cheche inayodondoka inaacha kitobo cheusi. Ukiutazama sasa utadhani mtu kamwaga pilipili manga. Grenda ndiyo mbaya zaidi, zile cheche zinajipachika halafu mvua ikija zinaota kutu. Kona ya kuchomelea acha zege wazi au tandika bati nene.

Kingine: mlangoni, jua linapofika, rangi yangu ya kijivu imegeuka njano, mstari umekatika kabisa kama umepigwa na rula. Baadaye ndiyo nikaambiwa epoksi na jua haviivi, sehemu hiyo ilitakiwa kufunikwa na koti ya poliyurethani isiyogeuka rangi.

Jamvi Kavu

Kweli kaka. Na mimi nitubu yangu sasa. Oktoba, joto la Tabora mnalijua. Nimechanganya rezini na hadina, yaani epoksi yenyewe na dawa ya kuigandisha, ndoo nzima kwa mkupuo, ili nisirudie rudie. Simu ikalia, mteja anataka kujua rangi ya mstari wa pembeni. Naongea, naona kijana wangu anaitazama ndoo kwa jicho la woga. Inatoa moshi. Nikaishika, inaunguza. Baada ya dakika chache ndoo imelegea kama mshumaa na ndani kuna jiwe. Epoksi inazaa joto yenyewe inavyokauka, ikirundikana ndani ya ndoo joto halina pa kutokea, linazidisha kasi. Tangu siku hiyo nachanganya kidogo, na nikishakoroga namwaga yote chini papo hapo kwa mstari mrefu, ndipo naanza kusambaza. Chini ina nafasi ya kupoa. Simu naiacha kwenye pikipiki, na siku hizi naanza alfajiri.

Mjukuu wa Fundi (Kigoma, Gungu)

Mbona hakuna anayesema habari ya mwili? Nilikuwa msaidizi kwenye kazi kama hizi. Mara ya kwanza, ya pili, hakuna kitu, nachanganya mikono mitupu, nanawa kwa tina. Kazi ya tano au ya sita vidole vikaanza kuwasha, vikavimba, ngozi ikapasuka. Daktari akasema ni mzio wa hadina, na ukishaupata haukuachi. Leo hata kukaa chumba kimoja na kopo lililofunguliwa macho yanawasha. Glavu za naitrili, mikono mirefu, na usinawe kwa tina maana inaisukuma ndani ya ngozi.

Na vumbi la grenda wakuu, kitambaa usoni hakitoshi. Lile vumbi jembamba la zege na kwatsi linakaa kwenye mapafu moja kwa moja. Barakoa ya vichungi, au kwangua kwa maji.

Mwisho wa Reli

Pole sana mdogo wangu. Hili sikulijua kabisa.

Jamvi Kavu, nimeanza na kile kipimo cha unyevu kinachosemwa sana: kipande cha nailoni, sentimita 45 kila upande, nimekibandika sakafuni kwa selotepu pande zote tangu jana saa kumi jioni. Leo asubuhi nimekibandua. Ndani kuna matone, na zege chini yake limekuwa jeusi. Nimemuuliza mzee jirani aliyekuwepo wakati wa ujenzi kama chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, waliweka nailoni. Amecheka.

Jamvi Kavu

Basi usinunue kopo hata moja kwanza. Maji yanapanda kutoka ardhini, yatasukuma hata kazi nzuri. Toa mawese, kwangua niru, iache ipumue kiangazi chote, pima tena Agosti. Yakirudi matone, itabidi praima, yaani koti ya kwanza, ya kuzuia unyevu, na hiyo bei yake ukae chini kabla sijakutajia.

Mwisho wa Reli

Sawa mkuu. Nimeshakodi grenda ya Jumamosi. Jioni hii imeingia Noah nyingine, tairi za moto. Nimeilaza nje.

Kanyaga Twende

Mwembe unao?