Masika yamekatika Njombe: nijiandaeje kwa kipupwe changu cha kwanza kijijini?

Mgeni wa Mlimani

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu, mwenyeji wa Pangani, na mwezi Januari nilihamishiwa shule ya msingi ya kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Njombe. Sasa tumeingia Mei na mvua zimekatika. Wagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, wanasema mianzi imeanza kukauka, ukungu hukaa bondeni hadi saa tatu asubuhi, na kila jirani akishaniamkia "Kamwene" huniuliza kama nina mablanketi ya kutosha, kwa kuwa Juni na Julai bado ziko mbele. Kwetu pwani kipupwe ni majira ya kusi na usingizi mzuri, wala hakuna anayejiandaa kwa lolote isipokuwa wavuvi, kwa hiyo naona wazi kwamba sijui ninachokisubiri.

Nina mtoto wa miezi minane, na nyumba ninayoishi imeezekwa kwa bati bila dari. Nilifikiri kuingiza jiko la mkaa chumbani kila jioni hadi tulale. Pia sina kuni za kutosha. Zaidi ya hayo, mwezi Februari nilipanda miche 40 ya parachichi kwenye kipande cha chini cha shamba, karibu na kijito, mahali ambapo mwenye shamba aliyetangulia alizungushia ua mnene wa mabingobingo. Nilipachagua kwa sababu udongo wake ni mweusi na una unyevu. Naomba ushauri wa wenyeji.

Mama wa Vinyungu

Mwalimu, mwanangu, karibu sana kwetu. Nitaanza na kuni, kwa maana ndizo zitakazokuonyesha kama umechelewa. Kuni za kipupwe hukatwa Septemba na Oktoba, jua likiwa kali, kisha hupasuliwa na kupangwa chini ya upenu, mvua zote zinyeshe zikiwa humo. Ukinunua sasa mti uliokatwa mwezi uliopita utakuwa umenunua moshi, na moshi huo utaishia kifuani mwa mtoto. Tafuta jirani mwenye akiba ya mwaka jana, na kabla ya kulipa chukua vipande viwili uvigonganishe: kikavu hulia kwa mlio mkali na ncha zake zina nyufa, kibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Omba miwati, kwa kuwa moto wake ni mkali na makaa yake hukaa. Msindano hufaa kuwashia tu, kwa sababu huwaka upesi na utomvu wake hujaza masizi.

Kuhusu mtoto, sisi jioni hatukai sebuleni. Tunakaa jikoni, nyumba ndogo ile, mlango ukiwa wazi kidogo, tunakula hapo na kuzungumza hapo, na mahindi yaliyo darini juu ya moto yanapata moshi wake wa kufukuza wadudu. Muda wa kulala ukifika tunaingia ndani tukiwa tayari tumepata joto. Usimlaze mtoto kwenye godoro lililowekwa sakafuni, na wala usirundike mablanketi yote juu yake; mtandikie kitandani mkeka, kisha blanketi moja zito alilalie, kwa maana saruji ya sakafu hunyonya joto usiku kucha. Mwogeshe saa saba mchana, jua likiwa limesimama, wala si jioni kama mlivyozoea kwenye joto la pwani.

Muuguzi wa Zahanati

Dada Mwalimu, naandika kwa ajili ya lile jiko la mkaa peke yake. Tafadhali usiliingize chumbani, hata kwa nusu saa, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Mkaa unaoungua mahali penye hewa finyu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Anayeivuta husikia kichwa kizito na usingizi, na kwa kuwa ni usiku hudhani ni uchovu, akalala asiamke. Mtoto mdogo hudhurika mapema kuliko mtu mzima, kwa sababu hupumua haraka zaidi. Chemsha maji, yatie kwenye chupa isiyovuja, ifunge kwa kitenge na upashe nayo kitanda kabla ya kulala, kisha uiondoe kabla ya kumlaza mtoto.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwalimu, nimesoma habari ya miche yako mara mbili, na mahali ulipoipanda panatia wasiwasi kuliko mambo yote uliyoyataja. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo ukiacha Pangani umeacha nyuzi kama 12 nyuma yako. Hilo peke yake parachichi hulivumilia. Kinachoua miche ni sakitu, yaani ule umande unaoganda juu ya majani katika usiku mweupe wa Juni na Julai, anga likiwa halina wingu na upepo ukiwa umetulia.

Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo hutembea usiku kama maji: huteremka mlimani polepole na kutuama bondeni. Ndiyo maana unaweza kuona viazi vya kwenye mteremko vikiwa kijani kibichi na vya kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, hatua mia moja chini yake, vimeungua vyeusi kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Sasa wewe umepanda chini kabisa, na ua wa mabingobingo upande wa kijito umekuwa bwawa linaloizuia baridi hiyo isipite. Kata ua huo upande wa chini, uache uwazi mpana, hata kama itakubidi kuulisha ng'ombe wa jirani. Upande wa juu uache ulivyo, kwa kuwa husaidia kuielekeza baridi pembeni.

Ondoa matandazo ya nyasi kuzunguka kila mche. Najua tulifundisha watu kutandaza, nami nilifundisha hivyo miaka mingi, lakini katika miezi hii miwili nyasi huzuia udongo usipokee joto la jua mchana na usilitoe usiku. Udongo ulio wazi na wenye unyevu huhifadhi joto vizuri, kwa hiyo mwagilia mchana siku unapoona anga limetakata. Jioni jenga kibanda kidogo cha fito na mifuko ya sandarusi juu ya mche, kisigusane na majani, ukifunue jua likitoka. Usiweke tena mbolea ya kukuzia, kwa kuwa machipukizi machanga ndiyo yanayokufa kwanza.

Mgeni wa Mlimani

Nawashukuru mno, Mama, dada na mzee wangu. Jiko la mkaa limebaki jikoni na halitatoka huko. Jirani amekubali kuniuzia miwati ya Oktoba, nami niliigonganisha mbele yake, akacheka na kuniuliza nimefundishwa na nani. Vijana wameanza kukata ua tangu jana. Mzee, je, niihamishe miche kumi iliyo chini kabisa niipeleke mteremkoni wiki hii?

Bwana Shamba Mstaafu

Usiihamishe sasa, Mwalimu. Mizizi iliyokatwa haiponi katika baridi, na mche utaingia Juni ukiwa mgonjwa. Ifunike hapo hapo ilipo, kisha subiri mvua za Novemba au Desemba. Iwapo sakitu itaunguza baadhi ya matawi, usiyakate mara moja, hata kama yanachukiza macho. Ngoja hadi Septemba au Oktoba mche utoe machipukizi, ndipo utakapojua uhai umeishia wapi. Ukiona chipukizi limetoka chini ya maungio, yaani pale aina uliyoinunua ilipobebeshwa (kuunganishwa) kwenye shina la asili, hilo ni la shina la asili wala si la aina uliyoinunua, na mche huo itakubidi uubebeshe upya au uung'oe.