MREJESHO: Kipimo cha pumzi na tumbo kujaa gesi

Wakuu, niliuliza kama kipimo cha haidrojeni kwenye pumzi (gesi ambayo bakteria wa tumboni hutoa wakila sukari) kina maana kwa mtu anayeshukiwa kuwa na bakteria waliozidi kwenye utumbo mdogo. Asanteni sana mliojibu.

Nilimfuata aliyesema nisiguse antibayotiki wiki 4 kabla ya kupima, na dada aliyesisitiza chakula cha siku ya kuamkia kipimo: wali mweupe na kuku wa kuchemsha, maharage na matunda marufuku. Asubuhi nikaenda na njaa, hata bigijii sikutafuna. Unapuliza mara ya kwanza, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji (tamu hadi meno yanauma!), kisha unaendelea kupuliza kila baada ya muda. Maumivu hakuna, ila inachosha kweli.

Haidrojeni yangu ilipanda kutoka sehemu 6 hadi 34 kwa milioni ndani ya saa moja. Daktari alisema ikipanda kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 90, wanahesabu bakteria wapo. Nikaandikiwa rifaksimini (antibayotiki) ya wiki 2.

Gesi na kuharisha vimepungua sana. Uchovu uko palepale, kwa hiyo aliyesema vitaondoka pamoja, kwangu bado. Maziwa nayo yananisumbua kama zamani.

Unayekwenda kupima, ulizia kwanza kama mashine yao inasoma na methani. Wapo ambao gesi yao kubwa ni hiyo, na haidrojeni peke yake inaweza kuonekana iko sawa.