Mliofunga ndoa ya Kiislamu ughaibuni, tupeane uzoefu wa makaratasi

Mwana wa Chumbageni
Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kike yuko Dubai, mchumba wake ni Mkenya wa Malindi, naye yuko hukohuko. Jana kanipigia analia: mahari imeshatolewa, ukumbi umelipiwa, karani kamwambia faili halijakamilika. Baba yetu alishafariki, walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, ni baba mdogo, yuko Tanga. Waliopita njia hii tusaidieni.

Bint Mkunazini
Pole dada. Hapo kwa walii ndipo penyewe.
Mimi nimeolewa hukohuko, na baba yangu pia ni marehemu. Ami aliandika barua kwa mkono wake, akaipeleka kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, ikapigwa muhuri. Kwetu barua hiyo inatosha kabisa. Kule haikutazamwa mara mbili. Wanataka hati ya uwakala iliyothibitishwa na mwanasheria, ipite Wizara ya Mambo ya Nje, ipite ubalozi wao Dar, ikifika kwao igongwe muhuri wa wizara yao, itafsiriwe Kiarabu na mtafsiri aliyesajiliwa. Cheti cha kifo cha baba nacho kinafuata njia hiyohiyo, maana bila hicho watauliza kwa nini anaozesha ami.
Sasa sikia. Kwenye cheti cha kifo baba kaandikwa Mohamed, kwenye cheti changu cha kuzaliwa Muhammed. Karani akaviweka vyeti sambamba, akagusa jina moja, akagusa la pili, akasema hawa ni watu wawili. Wageni wameshatua uwanja wa ndege, mama kashika sinia la halua, na mimi naambiwa baba yangu si baba yangu. Nililia palepale kwenye viti mpaka mama mmoja wa Kisudani, simjui hata jina, akaninywesha maji. Harusi ikaahirishwa. Ami akaenda kuapa kiapo cha majina kwa wakili, na kiapo kikazungushwa mihuri yote upya.
Mwambie mdogo wako aanze na majina, herufi kwa herufi.

Kijana wa Kibokoni
Majina! Wallahi majina.

Abuu Rayyan
Mnajitesa bure. Kwa madhehebu ya Hanafi mwanamke aliyebaleghe, mwenye akili timamu, anajiozesha. Na sheria mpya ya Imarati, nchi yenye hiyo Dubai, iliyoanza kutumika Aprili 2025, inamruhusu Mwislamu mgeni kuolewa bila walii kama sheria ya nchi yake haimdai.

Mwalimu wa Chuoni
Usimpoteze dada wa watu. Sisi ni wa madhehebu ya Shafi, walii ni nguzo. Hakuna walii, hakuna ndoa.

Abuu Rayyan
Shehe, mimi nazungumzia sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimdai mwanamke wa miaka 18 na zaidi idhini ya mzazi.

Bint Mkunazini
Hiyo ni ya Bara. Sisi Unguja haituhusu, mambo yetu ni kwa kadhi. Halafu walii yupo, mzima, na ndoa kairidhia. Ubishi wa nini? Mpeni orodha ya makaratasi.

Mama Leicester
Mnagombania walii. Mimi nilikuwa na walii, mashahidi, mahari, khutba, na pilau la kulisha mtaa. Uingereza hii, sebuleni kwa shemeji. Mume akasema ya serikali tutaandikisha baadaye. Tukazaa, tukalea, nyumba jina lake. Alipoondoka nikaenda kwa mwanasheria kudai sehemu yangu. Nikampa cheti cha shehe, kina maua ya dhahabu pembeni. Akakisoma chote, akanirudishia, akasema kwa sheria ya hapa hamkuwahi kuoana.
Mahakama ya Rufaa ilishalisema mwaka 2020, kesi ya Akhter na Khan: nikaha, ndoa ya shehe, peke yake si ndoa kisheria, wala haihesabiki kuwa ndoa batili ambayo ingempa mke njia ya kudai mali. Watoto wana haki zao. Mke hana za mke.
Wanangu mlioko huku, katoeni notisi ya ndoa ofisi ya msajili. Mtasubiri siku 28, na kama mmoja ni mgeni wanaweza kuivuta hadi 70. Iko misikiti iliyosajiliwa kuozesha kiserikali, ulizeni kabla hamjachapisha kadi.

Kijana wa Kibokoni
Subhanallah. Mama, pole sana.

Abuu Rayyan
Lakini mama yangu, mbele ya Mungu ndoa ilikuwa sahihi.

Mama Leicester
Sahihi kabisa, mwanangu. Kwa Mungu haki yangu naijua iko. Kwa hakimu sina.

Mtoto wa Muscat
Wanaoolewa na Waomani: kile kibali cha wizara cha kuoana na mgeni kiliondolewa 2023 kwa amri ya Sultani. Vyeti bado vinatakiwa. Na wa Dubai wasisahau vipimo vya afya: UKIMWI, homa ya ini, na magonjwa ya damu ya kurithi, selimundu na thalasemia. Pimeni mapema.

Bint Mkunazini
Si mapema sana. Cheti chake kina mwisho.

Kaka wa Pongwe
Waje wafungie Tanga, wale biriani, warudi na cheti.

Kijana wa Kibokoni
Na cheti hicho nacho kitazunguka mihuri ileile, kaka.

Mwana wa Chumbageni
Allah awalipe. Baba mdogo anapanda basi la alfajiri kwenda Dar. Nimetoa cheti cha baba kabatini, kimeandikwa Omari. Cha mdogo wangu kinasema Omar. Nani anamjua wakili wa kiapo maeneo ya Posta?

Mtoto wa Muscat
Usichukue wa barabarani. Ulizia wizarani kwanza muhuri wa nani wanaukubali.

Kaka wa Pongwe
Njoo inbox, dada.