Stima ghali: tungelikubali makaa ya mawe Lamu tungelipona?

Muuza samaki, Amu:

Assalamu alaikum jamani. Naufungua huu mjadala hapa manake ulianza barazani juzi baada ya isha ukaishia kwa kelele tu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema sisi watu wa Amu, yaani Lamu mjini, tulipinga mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi mpaka leseni ikafutwa, na saa hizi ndo sisi tunaolia tokeni ghali, basi tuvune tulichopanda. Vijana wawili wakamuunga mkono, wakasema habari za tabianchi ni za Wazungu, wao walijenga kwao kwa makaa hayo hayo na sasa watuzuia sisi. Nilinyamaza kwa adabu lakini nilipofika nyumbani usingizi haukuja, kwa hiyo naandika, na kila mtu aje na lake.

Mimi nina friza mbili za samaki na kila nikinunua tokeni naisoma ile meseji mstari kwa mstari. Kuna pesa ya yunit yenyewe, halafu gharama ya mafuta, halafu marekebisho ya sarafu, halafu asilimia 5 ya stima ya vijijini, VAT asilimia 16, na vingine vidogo. Sasa jiulize, hii nchi karibu asilimia 90 ya stima yake yatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, mvuke hauagizwi kutoka nje, upepo haununuliwi, kwa nini basi shilingi ikianguka kama ilivyofika 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 stima yangu ya Amu napo ipande? Ni kwa sababu mikataba mingi imeandikwa kwa dola na yuro. Hapo ndo penye ugonjwa. Bei haiko kwenye mashine, iko kwenye karatasi.

Mtambo wa Kwasasi ulikuwa wa megawati 1,050. Mwaka 2019 Kenya nzima, ile saa ambayo kila mtu amewasha, haikufika megawati 2,000. Yaani mtambo mmoja zaidi ya nusu ya nchi! Na mkataba ulikuwa wa miaka 25 wa kulipia mtambo kusimama tayari, uzalishe usizalishe. Wavuvi wenzangu mtanielewa, ni sawa na ukodi boti ya injini mwaka mzima kwa dola, ikienda bahari walipa, ikilala gatini walipa, na mafuta juu yako pia, manake makaa yenyewe kwanza yalikuwa yatoke Afrika Kusini kwa meli, hayo ya Kitui yalikuwa ni ahadi ya baadaye. Huo mzigo ungeingia wapi? Kwenye tokeni yangu na yako. Mzee wangu wa barazani, kwa heshima zote, tungeukubali tungekuwa twalia zaidi ya hivi.

Na tusisahau ulitoka wapi. 2013 serikali ilisema itaongeza megawati elfu tano na zaidi kwa miezi 40, viwanda vingekuja, migodi, reli ya stima. Viwanda havikuja kwa kasi hiyo. Kesi ya Juni 2019 pia watu waisimulia vibaya, hakuna jaji aliyesema Lamu haitaki maendeleo, tribunali ya mazingira ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na ile ripoti ya athari ilikuwa na mapengo, ikiwemo kutozingatia sheria ya tabianchi ya 2016. Wenye mradi wakakata rufaa, na 2025 mahakama ya ardhi na mazingira hapo Malindi ikaitupa. Kwa hiyo swali langu si safi au chafu peke yake. Nataka mkataba wa mradi wowote wa stima, uwe wa makaa, upepo, jua au nyuklia, usomwe kwa wananchi kwa Kiswahili, bei na sarafu na faini, kabla hata koleo moja halijaingia ardhini. Mwasemaje?

Fundi wa sola, Malindi:

Ndugu yangu kwa mkataba nakuunga mkono, lakini kuna kitu umekiruka. Hapa kwetu Weru tuna sola ya megawati 40 tangu 2021, mchana mambo sawa, lakini jua likizama saa kumi na mbili na nusu ndo watu warudi nyumbani wawashe taa, tivii, hoteli wawashe eisii, na sola ishalala. Rais mwenyewe alikiri 2025 kwamba jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka saa nne usiku sehemu zingine inabidi zizimwe kwa zamu. Na usiku wa manane ni kinyume, Olkaria mvuke waachiliwa hewani bure manake hakuna wa kuutumia. Kwa hivyo usiseme stima ni nyingi. Ni nyingi saa tisa usiku na haitoshi saa mbili usiku. Ukimwambia mwenye hoteli wa Malindi asome mkataba atakuuliza na hapa gizani nifanye nini, jenereta yala dizeli.

Mwalimu mstaafu, Faza:

Wanangu, nyinyi mwabishana juu ya stima ya grid, ile laini ya taifa. Sisi huku visiwani, Faza, na Kiunga kule bara, ni mambo ya stesheni za dizeli. Dizeli yavuka bahari kwa mitungi, kusi likivuma kwa nguvu mafuta yachelewa na stima yapotea. Mimi sikuandamana kuyapinga makaa wala sikuyatetea, nilichokiona ni kwamba laini kubwa ya kutoka Rabai ilipofika Amu miaka ile watu walisherehekea na sisi tukabaki kuona taa zenu kwa mbali. Mkizungumza tabianchi nikumbukeni, manake kidizeli chetu ni kichafu kuliko vyote na hakuna aliyekuja kukiandamania.

Kijana wa Mpeketoni:

Mimi nitasema lisilopendwa. Kazi. Mtambo wa makaa ungechukua vijana wa ujenzi miaka mingi. Sola ikishafungwa ni mlinzi mmoja na mtu wa kufagia vioo. Mradi wa stima ya upepo uliotakiwa kuja huku kwetu Baharini tumeusikia miaka na miaka, ni kesi za ardhi tu. Mwapinga vyote, mtatupa nini sisi?

Muuza samaki, Amu:

Nashukuru nyote. Mwalimu shikamoo, hilo la Faza limenichoma manake ni kweli, tuliandamana juu ya kitu ambacho hakijajengwa na kile kinachotoa moshi kila siku tukakizoea. Nalikubali kosa. Na naona hapo ndo pa kuanzia, si kesho kutwa. Kisiwa kinatumia stima kidogo, sola pamoja na betri vyatosha kuishusha dizeli ibaki ya dharura tu, na kila mtungi usiovuka bahari ni pesa iliyobaki.

Fundi, umenishinda kwa saa za jioni, nilikosea kuandika kana kwamba stima imejaa tu. Lakini angalia dawa ni ipi. Makaa si dawa ya hizo saa chache za jioni, mtambo wa makaa wataka kuwaka mfululizo mchana na usiku, kwa hiyo ungeongeza mvuke wa kuachiliwa pale Olkaria saa tisa usiku. Inayotakiwa ni betri ijazwe mchana na sola ya Weru itoe jioni, na bei ya usiku wa manane iwe chini kwa watu kama sisi, mimi ningewasha mashine ya barafu saa sita usiku mpaka alfajiri nikijua yunit ni nusu bei, barafu ndo betri ya mvuvi! Na hata betri hizo, zikija kwa mkataba wa dola wa miaka ishirini wenye kulipia zikilala, tutarudi pale pale. Safi si ruhusa ya kutuficha karatasi. Mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ni safi hakuna anayebisha, lakini ilikuwa tayari 2017 na laini ya kuitoa stima Loiyangalani mpaka Suswa ikakamilika 2018, na kwa vile mkataba uliweka kuchelewa kwa laini juu yetu, wananchi tukalipa mabilioni kwa upepo uliovuma bure.

Kijana wa Mpeketoni, wewe sikupuuzi, nina watoto wa rika lako nyumbani. Lakini kazi za mtambo huo zingekuwa za ujenzi, na ujenzi waisha. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, kaa, kamba na samaki wadogo wakulia humo, na maji ya moto ya mtambo yangemwagwa baharini hapo hapo. Mvuvi akikosa kazi na wewe ukapata ya miaka mitatu, Lamu imeongeza nini? La ardhi ya Baharini ni kweli wakulima walilalamika kwa haki, na sababu ni ile ile, waliambiwa mwisho.

Fundi wa sola, Malindi:

Sawa, hapo kwa barafu nimekuelewa. Lakini hiyo mikataba utaisomaje? Tulipopinga mtambo wa nyuklia wa Uyombo, hapa Kilifi, 2024 watu walipigwa, saa hizi macho yamehamia Siaya na hakuna aliyekaa na sisi na karatasi yoyote.

Muuza samaki, Amu:

Katiba ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria yake ni ya 2016. Niko tayari kuandika barua ya kuomba mkataba wa sola ya Weru, bei ya yunit, sarafu, na nani alipa laini ikizimika. Mwalimu, kama una nafasi uniangalizie Kiswahili na Kiingereza chake kabla sijaituma. Kijana wa Mpeketoni nawe weka jina lako pale chini ukipenda.

Mwalimu mstaafu, Faza:

Ilete. Na uongeze aya moja ya dizeli ya Faza, yanunuliwa kwa bei gani na na nani.

Kijana wa Mpeketoni:

Ya Baharini pia iombeni, tuone waliandika nini juu ya mashamba yetu. Hapo nitatia sahihi.