Fundi kanifungia metali za STD (saizi ya kiwandani) kwenye krenki iliyochongwa, halafu akachomoa waya wa taa ya oili!!

Wakuu habari za usiku, wiki nzima nimekaa na hasira, leo naandika. Gari yangu ya silinda nne ndiyo inalisha familia, nabeba mizigo kati ya Bahi na Dodoma mjini. Ilianza kugonga chini nikaipeleka gereji moja hapa mjini, jina silitaji. Fundi akashusha injini akasema krenki, ile shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni, imelika ikachongwe, sawa, nikaipeleka mwenyewe, ikachongwa ikapungua milimita 0.25 na risiti imeandikwa hivyo hivyo. Nikampa fundi krenki, risiti, na hela ya oili na ya metali, yaani vile vipande vya nusu duara ambavyo krenki inazungukia ndani yake.

Ikafungwa ikawaka. Siku hiyo hiyo, ikishapata moto na ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, taa nyekundu ya oili inawaka. Narudi kwake ananiambia bosi hiyo ni swichi tu. Akaingia chini dakika mbili, taa ikazima, na nikampa hela ya soda juu!

Siku ya tisa kabla sijafika Bahi nasikia ko ko ko, nikapaki pembeni lakini wapi, imeshanoki, injini imekufa. Nikavutwa na kamba mpaka mjini.

Fundi mwingine kaifungua mbele ya macho yangu. Waya wa swichi ya oili unaning'inia, umefungwa selotepu. Akatoa metali ya konrodi ya tatu (konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki), ile rangi ya kijivu imekwanguka mpaka shaba inaonekana, akaigeuza mgongo, imeandikwa STD. Ya pili STD. Zote STD!

Kwa msiojua, krenki haitakiwi kugusa metali kabisa ikizunguka, inaelea juu ya utando wa oili, na nafasi yenyewe ni ndogo kuliko unene wa unywele. Injini ikiwa kwenye mzunguko 3000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde huku pistoni zinaikandamiza, kinachoiokoa ni huo utando tu. Sasa umeichonga imepungua milimita 0.25 halafu unaivalisha metali za saizi ya kiwandani, si inacheza? Oili inamwagikia pembeni, presha inashuka, chuma kinakutana na chuma. Ile taa ndiyo ilikuwa inalia kuhusu hilo, na yeye akaiziba mdomo.

Na haijaishia chini. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, iko juu, inazunguka nusu ya spidi ya krenki na oili inaifikia mwisho mwisho, na kwenye injini yangu haina metali, imelalia moja kwa moja kwenye aluminiamu ya hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Presha iliposhuka na yenyewe ikakauka. Nimepitisha kucha kwenye vikalio vyake, mikwaruzo inanasa. Kwa hiyo hedi nayo imekwenda, na hedi siyo kitu cha kubadilisha metali ukaondoka.

Nikampigia, anasema oili niliyonunua feki. Oili alinunua yeye!! Risiti ya wachongaji aliiona, mgongo wa metali unasomeka hata na mtoto wa darasa la kwanza, aidha hakuangalia au alinunua za bei chee akala chenji.

Metali zote ninazo kwenye kopo, na risiti, na video ya injini ikifunguliwa. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwake, nataka hela ya krenki, ya hedi, na ya siku zote gari ilizolala. Aliyewahi kumdai fundi akalipwa aniambie alianzia wapi, kwa mtendaji wa mtaa au polisi moja kwa moja?