Mama anameza omeprazoli na diklofenaki pamoja, ni sawa?

Binti_Kiboriloni (Moshi)
Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 61, anauza ndizi soko la Mbuyuni. Magoti yanamsumbua tangu mwaka jana, ananunua diklofenaki ya miligramu 50 duka la dawa, asubuhi na jioni. Tumbo likaanza kuwaka, akapewa omeprazoli ya miligramu 20. Anaimeza saa nne akishakunywa chai na kiburu, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Kiungulia kikizidi anatafuna maginesiamu. Anasema omeprazoli haimsaidii, anataka awe anameza mbili. Naombeni ushauri.

Baba_UsaRiver
Pole dada. Mimi nilipima choo wakakuta bakteria wa vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za siku 14, nikapona. Juisi ya kabichi na shubiri nilikunywa sana kabla ya hapo, sikuona kitu. Apime kwanza.

Mfamasia_Ngarenaro (Arusha)
Dada, nifikishie shikamoo kwa mama. Asiongeze omeprazoli. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo diklofenaki.

Ukuta wa tumbo una ute unaoulinda dhidi ya asidi, na ziko kemikali mwilini zinazofanya ute huo utoke. Diklofenaki hutuliza goti kwa kuzuia kemikali za jamii hiyohiyo, kwa hiyo maumivu ya goti yanapungua na tumbo linabaki bila kinga. Kuimeza baada ya kula hakumalizi tatizo, kwani ikishaingia kwenye damu inafanya kazi hiyo hata kama mtu alichomwa sindano. Hapa dirishani napokea kina mama wengi wa namna hii: goti, diklofenaki, kiungulia, omeprazoli. Mwaka unapita na hakuna aliyeuliza kama ile dawa ya kwanza bado inahitajika. Inaniuma sana.

Omeprazoli inafunga pampu zinazomwaga asidi. Pampu hizo zinaamka chakula kinapoingia, hivyo dawa inatakiwa iwe imetangulia. Ameze nusu saa kabla ya chai, kapsuli nzima, asitafune. Punje za ndani zimefunikwa ili asidi isiziharibu. Inachukua siku kadhaa kufikia nguvu yake yote. Maginesiamu yenyewe inapoza asidi iliyokwisha kumwagika, nafuu inakuja dakika chache halafu inakwisha. Ila inazuia vidonge vya damu visiingie vizuri mwilini, atenganishe angalau saa mbili.

Sasa nijibu mawili: choo chake kina rangi gani? Na nani alisema damu imepungua?

Binti_Kiboriloni
Nimempigia sasa hivi. Anasema ni cheusi, akadhani ni hivyo vidonge. Damu alipimwa zahanati ikawa 8, ndipo akapewa. Na siku hizi anasikia kizunguzungu akiinuka kwenye kigoda.

Mfamasia_Ngarenaro (Arusha)
Mpeleke leo hii, dada. Msingoje kesho.

Ni kweli vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma, vinafanya choo kiwe cheusi. Lakini cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo ni damu iliyotoka tumboni. Kwa mtu wa diklofenaki, mwenye damu 8 na kizunguzungu, hatukisii nyumbani.

Diklofenaki aache sasa, wala asihamie ibuprofeni, ni ndugu wale wale. Goti likiuma leo, parasetamoli. Kama kuna dawa ya moyo au ya kuyeyusha damu anatumia, mwambieni daktari mapema.

Hospitali ya Mawenzi iko karibu nanyi. Wakiona kuna haja ya kumwangalia tumbo kwa kamera watawaelekeza hospitali kubwa ya KCMC. Bebeni dawa zote na maboksi yake, hata yaliyoisha, maana mgonjwa akiulizwa atasema "dawa ya tumbo" tu. Kipimo cha bakteria alichosema Baba kina maana sana, lakini omeprazoli inaweza kuwaficha bakteria hao, kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kupima choo. Msiisimamishe wenyewe, wao ndio waamue.

Akitapika damu au akizimia njiani, msikae foleni. Ingieni dharura moja kwa moja.