Kaa aliyevunjwa gando akarudishwa majini: je, mwili wake unalipa nini?

Mwenye Mada: Huko Florida, Marekani, kuna uvuvi ambao kaa mwenyewe hapelekwi sokoni. Mvuvi huinua mtego, humshika kaa aitwaye Menippe mercenaria, mwenye magando mazito yenye ncha nyeusi, humvunja gando, kisha humrudisha majini angali hai. Sheria ya huko hutaka gando lisipungue inchi 2 na 7/8, msimu ni kuanzia Oktoba 15 hadi Mei 1, na jike mwenye mayai haguswi. Kaa mwingine yeyote aweza kuvunjwa magando yote mawili, mradi yote yamefikia kipimo. Wanaoutetea uvuvi huu husema kwamba kaa hujikata viungo mwenyewe anapobanwa na huviotesha upya, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Swali langu halihusu huruma. Nauliza hesabu ya mwili: kaa aliyepoteza gando hutumia oksijeni zaidi au pungufu, na nguvu ya kuotesha jingine huitoa wapi? Naomba tuujadili umetaboli wake, yaani jinsi mwili unavyopata na kutumia nguvu, kabla ya kuijadili sheria.

Gando Moja: Ndugu, jibu lake si gumu. Kaa huacha gando kama mjusi anavyoacha mkia. Karibu na shina la mguu kuna mfuo mwembamba unaokizunguka kiungo, na msuli ukikazwa, gamba hukatika hapo hapo, huku utando uliokuwa tayari nyuma yake ukiziba tundu ili damu isimwagike. Maumbile hayawezi kuweka mlango mahali ambapo hakuna wa kutoka. Tena tusimvishe kaa huzuni zetu, kwa kuwa hana ubongo wa kusikitika.

Msomaji wa Usiku: Mfano wa mjusi haufai hata kidogo. Mkia wa mjusi ni ghala la mafuta, na mjusi hali kwa mkia. Magando ya kaa huyu yaweza kufikia nusu ya uzito wake wote, na ndiyo anayopondea magamba ya chaza. Ukimkata mjusi mkia umempunguzia akiba. Ukimvunja kaa magando yote mawili umemnyang'anya kinu na mchi, kisha unamwambia apike. Na hilo la ubongo ungeliacha. Mwaka 2009 watafiti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, waliwapa mishtuko midogo ya umeme kaa wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, wakaona kwamba aliyekuwa katika kombe alipendalo hakulihama kwa urahisi kama aliyekuwa katika kombe asilolipenda. Mnyama anayepima maumivu yake dhidi ya thamani ya nyumba yake hafanyi hivyo kwa mshtuko mtupu wa misuli.

Gando Moja: Sikusema kwamba kaa hana ubongo. Nilisema hana ubongo wa kusikitika, na anayesoma taratibu ataiona tofauti. Kuhama kombe si kusikitika. Hata mimi huondoa mkono motoni kabla sijafikiri.

Msomaji wa Usiku: Ungeuondoa upesi zaidi kama moto ungekuwa mkononi mwa mtu usiyempenda? Basi huko ndiko kufikiri. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 inayowahesabu kaa, kamba na pweza kuwa wanyama wenye hisia, na sidhani kwamba lilifanya hivyo kwa kukosa kazi.

Gando Moja: Bunge halipigi kura kuhusu neva za kaa.

Mwenye Mada: Naomba turudi kwenye oksijeni.

Mpima Maji: Nitajibu la oksijeni, ingawa jibu halitamfurahisha mtu. Majaribio yamefanywa kwa spishi mbalimbali na hayakubaliani: katika baadhi yake, kaa aliyepungukiwa kiungo huonekana kutumia oksijeni zaidi, na katika mengine tofauti haionekani. Sababu ni kwamba mwilini mna nguvu mbili zinazovutana. Upande mmoja pana kidonda cha kuziba na chipukizi cha kiungo kipya cha kulisha, na hayo yote yana gharama. Upande wa pili, nyama iliyokuwa ikilishwa imeondoka, na msuli wa gando lililotulia hauli sana, kwa hiyo gharama ya mwili uliopumzika haipungui kwa kadiri ya uzito uliopotea. Mambo hubadilika kaa anapotembea. Wapo kaa wadogo wa mwambao ambao dume hubeba gando moja kubwa mno la kupungia majike, na watafiti walipowakimbiza juu ya mkanda unaozunguka, waliokosa gando hilo walistahimili mbio kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtu asiseme "umetaboli umepanda" bila kusema kaa yupi, akifanya nini, na siku ya ngapi tangu avunjwe.

Gando Moja: Nashukuru. Basi kumbe kaa amepunguziwa mzigo.

Fundi wa Matangi: Ndugu Gando Moja, umeokota sentensi moja katika kumi. Mimi hufuga kaa katika tangi na nimeliona jambo hili kwa macho. Aliyejikata mwenyewe hubaki na kovu dogo la duara, safi, na baada ya siku chache huwa jeusi. Aliyevutwa vibaya hutoka na kipande cha utando na uzi wa nyama uliochanika, na damu ya kaa, ambayo hugeuka samawati ikipata hewa kwa sababu hubeba shaba badala ya chuma, hutiririka bila kuzibika. Wa kwanza kesho yake atakula. Wa pili mara nyingi nilimkuta amekufa. Ninyi mnatumia neno "kuacha" kwa wote wawili, na hapo ndipo mjadala ulipopotea.

Mpima Maji: Hilo limepimwa pia. Watafiti wa Belfast, mwaka 2007, waliwalinganisha kaa wakubwa wa Ulaya, Cancer pagurus, walioshawishiwa kujikata wenyewe na wale waliopindwa gando kwa mkono kama wafanyavyo wavuvi. Waliopindwa walikuwa na glukosi, yaani sukari, na laktati, asidi itokanayo na sukari inayochomwa bila oksijeni ya kutosha, nyingi zaidi katika damu, ishara ya mwili unaofungua ghala kwa pupa, na vifo vilikuwa vingi zaidi kwao. Umetaboli wa kaa hawa wawili si mmoja, ingawa wote wamepoteza gando lile lile.

Chaza Mchangani: Mbona mnazungumza kaa tu? Viumbe wenye makombe mawili wanaojifukia mchangani hutoa mirija yao juu, na samaki bapa huikata ncha kila siku. Mrija huota tena, lakini nguvu iliyokuwa ya kukuza nyama huenda kwenye mrija, na mwenye mrija mfupi hulazimika kukaa karibu na uso wa mchanga, ambako adui humfikia kirahisi. Gharama kubwa mara nyingine haimo katika damu, imo katika mahali unapolazimika kuishi.

Msomaji wa Usiku: Lakini huko ni kuliwa. Si kujikata.

Chaza Mchangani: Na kaa wa Florida je? Alijikata?

Gando Moja: Sheria ya huko imefanya kazi kwa miaka mingi, na kaa wangali wapo. Takriban robo hufa, labda. Hata samaki waliorudishwa majini hufa.

Mpima Maji: Katika jaribio la mwaka 1978 la Florida, walikufa asilimia 28 ya waliovunjwa gando moja na asilimia 47 ya waliovunjwa yote mawili. Hiyo "robo" yako ni ya upande mmoja wa sheria tu. Jeraha lilipokuwa pana, vifo viliongezeka, jambo linalomrudisha Fundi wa Matangi kwenye kovu lake la duara. Na anayepona hana njia ya mkato, kwa kuwa kiungo kipya hukua kikiwa kimekunjwa ndani ya kifuko na hakikunjuki mpaka kaa ajivue gamba. Kaa mzima wa aina hii hujivua takriban mara moja kwa mwaka, na gando huhitaji mara kama tatu kurudia ukubwa wake. Hii ni miaka mitatu katika maisha ya mnyama anayeishi saba au minane.

Gando Moja: Kama mwili unaharakisha kujivua ili kupona, basi una akili kuliko sisi.

Mpima Maji: Huharakisha pale viungo vingi vinapopotea kwa pamoja. Kaa wa nchi kavu Gecarcinus lateralis akipoteza miguu sita au zaidi hujivua mapema. Ukikiondoa chipukizi katikati ya kukua, kujivua huahirishwa ili kingine kianze. Aliyejivua akiwa na viungo vya kukamilisha mara nyingi hutoka na ongezeko dogo la mwili. Mgawo ni ule ule, wanaogawana ndio wameongezeka.

Mwenye Mada: Basi niulize tena kwa ufupi: aliyevunjwa yote mawili hula nini miezi hiyo, hata apate nguvu ya kuotesha?

Fundi wa Matangi: Kaa wangu alipoteza gando la kulia, lile la kupondea. Nilimpa kome wazima, akawageuza-geuza, akawaacha. Nilimpa vipande vya samaki, akala kwa miguu ya mbele na lile gando jembamba la kushoto. Katika wiki ya sita kifuko kilikuwa kama punje ya mtama, rangi ya maziwa. Alipojivua, kilikunjuka kama mwavuli mdogo laini, naye hakula siku nne. Sasa gando la kushoto ndilo linalonenepa na kushika kazi ya kupondea, na jipya la kulia limekuwa jembamba la kukatia. Asiye na hata moja, baharini, ambako hakuna wa kumkatia samaki vipande, sijui ndugu Gando Moja atamwekea nini mezani.

Gando Moja: Mimi sikusema kwamba nitamlisha.